Ufunguo wa /administrator: historia fupi ya mlango wa msimamizi, kutoka Kizingo

Leo naweka kando masomo ya kodi niwape historia kidogo. Kila mwenye tovuti hapa Kizingo, awe na hoteli ndogo, ofisi ya kutoa mizigo bandarini au shule, huniuliza jambo moja: je, ukurasa wa kuingilia msimamizi unaweza kufichwa wahuni wasiuone? Unaweza. Ila kabla hujalipia kazi hiyo ni vizuri ujue mlango huo ulitoka wapi, na wale walioingia bila ruhusa katika miaka ishirini iliyopita walipitia wapi hasa. Ukiifuata historia utaona jambo la kushangaza: mara nyingi mlango ulikuwa umefungwa vizuri, na mwizi hata hakuugusa.

Kabla ya mlango kuwepo

Tovuti za kwanza zilikuwa mafaili ya HTML tu. Mjenzi aliandika kurasa kwenye kompyuta yake, akazipeleka kwenye seva kwa FTP, basi. Hapakuwa na ukumbi wa msimamizi. Ukitaka kubadilisha bei ya chumba au namba ya simu, ulimtafuta mjenzi wako, naye alikufanyia akipata nafasi. Ulinzi wenyewe ulikuwa hafifu, maana nywila ya FTP ilisafiri waziwazi bila kusimbwa. Lakini angalau njia zilikuwa mbili: wageni wakipita huku, mwenye nyumba akipita kule.

Mfumo wa kusimamia maudhui ulikuja kuondoa usumbufu huo. Maandishi yakahamia kwenye hifadhidata, na karani yeyote akaweza kufungua kivinjari, akaandika tangazo, akabonyeza kitufe, likatokea. Raha tupu! Lakini angalia kilichotokea hapo. Sasa mgeni na msimamizi wanatumia anwani moja, seva moja na programu moja. Kinachowatenganisha ni fomu yenye visanduku viwili, cha jina na cha nywila. Matatizo yote nitakayoyaeleza hapa chini yanaanzia kwenye uamuzi huo mmoja wa kurahisisha kazi.

Programu yenye jina letu

Katika mifumo hiyo mmoja una jina la kwetu. Kampuni ya Miro ya Australia ilikuwa na mfumo ulioitwa Mambo, na mwaka 2001 ikautoa bure kwa umma. Agosti 2005 waandishi wakuu wa programu hiyo walijitenga, baada ya kutoelewana juu ya taasisi iliyoundwa kuusimamia mradi. Kwa kuwa leseni iliwaruhusu, waliondoka na kodi yote, na Septemba mwaka huo huo wakatoa Joomla 1.0. Jina hilo ni neno "jumla", limeandikwa ili Mwingereza aweze kulitamka. Walitaka maana ya wote kwa pamoja.

Sisi wa pwani tunajua jumla ina maana nyingine pia, ile ya dukani, kinyume cha rejareja. Na maana hiyo ndiyo iliyotufaa zaidi! Tovuti zilianza kujengwa kwa jumla. Kijana mmoja mwenye akaunti moja kwenye seva ya kukodi aliweza kuweka Joomla kumi za wateja kumi, kwa kiolezo kimoja kilichobadilishwa rangi. Mwezi Juni 2009 Rais Mwai Kibaki aliuzindua waya wa baharini wa TEAMS, uliotoka Fujairah mpaka hapa Mombasa, na Julai mwaka huo SEACOM nao ukaanza kazi. Kabla ya hapo pwani yote ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Baada ya hapo hata duka la vitambaa Mji wa Kale likataka tovuti.

Waya ule haukuleta wateja peke yao. Tovuti iliyokuwa ikifunguka kwa shida kutoka ng'ambo sasa ilifunguka upesi kwa kila mtu, pamoja na asiyekutakia mema.

Kufuli la kwanza

Mlango wa Joomla uko /administrator. Wa WordPress uko /wp-admin. Dunia nzima inajua, haina haja ya kubahatisha. Katika Joomla 1.5 mtumiaji wa kwanza aliitwa admin, na namba yake kwenye hifadhidata ilikuwa 62 kila mahali ulipoiweka programu hiyo, Mombasa au Melbourne. WordPress nayo ilimwita mtumiaji wa kwanza admin mpaka toleo la 3.0 la Juni 2010, ndipo ukaweza kujichagulia jina wakati wa kuiweka. Kwa hiyo kati ya siri mbili za ile fomu, moja ilikwishatangazwa. Na programu zenyewe hazikuhesabu umekosea mara ngapi. Ungeweza kujaribu nywila elfu moja usiku kucha, zikakukatalia kwa upole mara elfu moja.

Dawa ya kwanza ya mafundi ilikuwa .htaccess. Unaweka faili dogo ndani ya folda ya /administrator, na seva ya Apache inaanza kudai jina na nywila yake yenyewe kabla hata PHP haijaamka. Hilo ndilo la maana: Joomla ikiwa na kasoro ndani ya folda ile, mgeni asiye na nywila ya Apache hawezi kuifikia kasoro hiyo. Ni kufuli nje ya kufuli. Mpaka leo ni kinga nzuri kwa gharama ya mistari minne, ila ina masharti mawili. Bila HTTPS nywila hiyo inasafiri katika umbo ambalo mtoto wa shule anaweza kulirudisha kuwa maandishi ya kawaida. Na kwa WordPress lazima uliache wazi faili la admin-ajax.php, kwa sababu plagini nyingi hulitumia hata kwa wageni wa kawaida. Ukilifunga, fomu ya kuweka nafasi ya chumba inaacha kufanya kazi na mteja anakupigia simu saa sita za usiku.

Agosti 2008: alama moja tu

Sasa tufike kwenye kisa ambacho nadhani kila anayejifunza kazi hii angefaa kukijua. Joomla 1.5 ilikuwa na huduma ya kumsaidia aliyesahau nywila. Unaandika barua pepe yako, mfumo unakutumia tokeni ya herufi 32, unaiingiza kwenye fomu, unapewa nafasi ya kuweka nywila mpya. Tokeni ile ilihifadhiwa kwenye jedwali la watumiaji, katika safu iitwayo activation. Ambaye hajaomba kubadilisha nywila, safu yake ilikuwa tupu.

Fomu haikukubali kisanduku kitupu. Vizuri. Kisha programu ilisafisha ulichoandika, ikiondoa kila kisichokuwa herufi au tarakimu. Vizuri pia. Sasa fikiria mtu anaandika alama moja ya nukuu, hii hapa: ' . Kisanduku si kitupu, kinapita. Programu inasafisha, alama inaondoka, panabaki utupu. Kisha inaiuliza hifadhidata: nipe mtumiaji asiyezuiwa ambaye tokeni yake ni tupu. Hifadhidata inajibu kwa uaminifu kabisa na kumtoa wa kwanza kwenye orodha. Wa kwanza ni nani? Namba 62. Msimamizi mkuu.

Yule mtu anaweka nywila mpya anayoitaka, kisha anaingia kwa jina admin. Hakubahatisha chochote. Nywila yako ingekuwa na herufi arobaini, alama na tarakimu, isingesaidia kitu, maana hakuitafuta nywila yako, aliibadilisha. Kiraka kilitoka na Joomla 1.5.6 tarehe 12 Agosti 2008, na chote kilikuwa ni sharti moja: tokeni ikiwa si ya herufi 32, ikataliwe.

Tazama vizuri nani aliumia na nani alipona. Waliobadilisha jina la admin walikuwa na afueni, kwa sababu mvamizi alikuwa na nywila lakini hakujua jina. Waliokuwa na .htaccess kwenye /administrator nao ukumbi wao haukufikika, ingawa mvamizi angeweza bado kuingilia upande wa wageni na kuhariri makala kutoka huko. Waliotegemea nywila ngumu peke yake hawakuwa na kitu. Na wale ambao hawakusasisha waliendelea kuwa wazi mwezi baada ya mwezi, wakati maelezo ya namna ya kuingia yalikuwa na urefu wa sentensi mbili na yalikuwa yakizunguka dunia nzima.

Saiba na kuki

Tundu jingine la miaka ile halikuwa kwenye seva. Wengi waliziendesha tovuti zao kutoka saiba, kwenye kompyuta iliyotumiwa na watu hamsini kwa siku. Mwenye saiba au mteja aliyekutangulia angeweza kuweka programu inayorekodi kila unachobonyeza. Dhidi ya hilo hakuna .htaccess itakayokusaidia.

Na ukiwa na kompyuta yako mwenyewe kwenye waifai ya wazi ya hoteli, mambo hayakuwa bora. Oktoba 2010 Eric Butler wa Marekani alitoa kiongezo cha Firefox kiitwacho Firesheep. Kilionyesha majina na picha za watu walio kwenye waifai moja nawe, na kwa kubonyeza tu uliingia ndani ya akaunti zao. Hakikuiba nywila. Kilichukua kuki ambayo tovuti hukupa baada ya kuingia ili isikuulize tena. Tovuti nyingi zilisimba ukurasa wa kuingilia tu, kisha zikarudi kwenye HTTP ya kawaida. Ni sawa na kuonyesha kitambulisho getini kwa siri, halafu ukatembea ndani na pasi yako imeandikwa mgongoni.

Dawa ilikuwa HTTPS kwenye kurasa zote, na wote tulijua. Kilichowazuia wengi ni gharama, kwa sababu cheti kililipiwa kila mwaka na kwa hoteli ya vyumba kumi hiyo ni hesabu. Desemba 2015 Let's Encrypt ilifungua huduma yake kwa umma na vyeti vikawa bure. Tangu hapo kukosa HTTPS hakuna udhuru wa pesa.

Tarehe 17 Januari 2012: tovuti 103

Wakenya wengi walisikia neno "kudukuliwa" kwa uzito siku hii. Tovuti 103 za serikali ya Kenya zilivamiwa kwa pigo moja, za wizara na idara mbalimbali. Aliyejitangaza ni kijana wa Indonesia aliyejiita Direxer, na ilielezwa kwamba alifuata mafunzo yaliyokuwa yakitolewa na kundi la wapenda usalama wa kompyuta la nchini kwake. Hakuomba fidia wala hakudai siasa. Mtindo wa wakati ule ulikuwa kubandika jina lako kwenye ukurasa wa mbele, kisha kuusajili ushindi kwenye jumba la kumbukumbu la Zone-H, ambako wadukuzi walihesabiana kama timu za mpira.

Sitadai nilikuwepo alipoandika amri zake. Lakini namba yenyewe inasema kitu kwa mtu wa fani hii. Mtu haketi akabahatisha nywila za wasimamizi 103, mmoja mmoja, halafu akafaulu kwa wote pamoja. Tovuti zikianguka kwa wingi namna hiyo, jambo la kwanza unalolifikiria ni nyumba ya pamoja: seva moja yenye wapangaji wengi, ambapo tundu kwenye chumba kimoja hufungua ukumbi mzima. Kama ruhusa za mafaili hazikutenganishwa, atakayepandisha skripti moja ya PHP kwenye tovuti ya kwanza anaweza kusoma faili la configuration.php la tovuti ya pili, na ndani yake mna nywila ya hifadhidata, na ndani ya hifadhidata mna wasimamizi wote. Ukumbi wako wa msimamizi umevunjwa kupitia kwa jirani ambaye humjui hata jina.

Na hapa ndipo "jumla" yetu inapogeuka kuwa deni. Yule kijana na Joomla zake kumi kwenye akaunti moja, kwa urahisi na bei nafuu, aliwaunganisha wateja kumi kwa kamba moja.

Kulikuwa na tatizo la pili lililojificha chini ya hilo. Kutoka Joomla 1.5 kwenda matoleo yaliyofuata hakukuwa kusasisha, kulikuwa kuhama nyumba. Violezo na plagini za zamani hazikufanya kazi tena. Mteja aliyelipia tovuti mara moja mwaka 2008 hakutaka kusikia kwamba anatakiwa kuilipia upya. Joomla 2.5, iliyoweza kumjulisha msimamizi kwamba sasisho limetoka, ilitolewa tarehe 24 Januari 2012, wiki moja baada ya tukio lile. Mwaka huo huo matengenezo ya 1.5 yakafikia mwisho. Tovuti nyingi zilibaki pale pale.

Ngome nayo iliingiwa mlangoni

Wakati tunazungumzia kuta, tuliopo Kizingo tuna jirani wa kutufundisha. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, mmoja wa wahandisi wa vita waliosifika zama zake. Kuta zake ni nene na pembe zake zilipangwa ili hakuna adui atakayesimama chini ya ukuta bila kuonekana na mzinga. Waomani walipoizingira mwaka 1696 iliwachukua mpaka Desemba 1698 kuipata, karibu miezi 33.

Lakini miaka sitini na tano kabla ya hapo, Agosti 1631, ngome hiyo hiyo ilichukuliwa kwa siku moja. Aliyeichukua ni Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, ambaye Wareno wenyewe walimlea Goa, wakambatiza, wakampa jina la Dom Jerónimo, wakamrudisha hapa kuwa mtawala aliye rafiki yao. Walimkosea yeye na baba yake kabla yake, na yeye hakusahau. Hakuvunja ukuta. Alipita langoni na watu wake, kama mgeni anayejulikana anayekwenda kumwona kamanda, na kamanda akauawa ndani ya ngome yake.

Sisemi Sultani Yusuf alikuwa mdukuzi, na wengi kwetu wanamhesabu kuwa mtu aliyepigania haki yake. Nasema mhandisi bora wa karne ya 16 alipanga kila pembe dhidi ya mtu wa nje, na ngome ikachukuliwa na mtu aliyekuwa na ruhusa ya kuingia. Kila orodha ya watumiaji ninayoifungua leo hunikumbusha jambo hilo.

Jeshi la anwani elfu tisini

Turudi kwenye karne yetu. Aprili 2013 kampuni zinazokodisha seva zilitoa tahadhari dunia nzima: kundi la kompyuta zilizoambukizwa, zenye anwani za IP zaidi ya 90,000, lilikuwa likigonga milango ya WordPress na Joomla kwa nguvu, likijaribu jina admin na orodha ya nywila za kawaida. Huu ndio wakati ambapo mlango wenyewe ulishambuliwa hasa. Ile dawa ya kuzuia anwani ya IP inayokosea mara tano haikutosha, maana kila anwani ilijaribu mara chache tu kisha ikampisha mwenzake.

Mwaka huo ulileta majibu matatu mazuri. Juni 2013 PHP 5.5 ilitoka na kazi ya password_hash, ambayo huhifadhi nywila kwa njia ya makusudi ya polepole, na MD5 ikaanza kustaafu. Oktoba WordPress 3.7 ikaanza kujisasisha yenyewe usiku bila kumsubiri mwenyewe. Na Novemba Joomla 3.2 ikaja na uthibitisho wa hatua mbili ndani yake bila plagini, yaani mbali na nywila unaulizwa tarakimu sita zinazobadilika kwenye simu yako. Hatua ya pili ndiyo iliyobadilisha mchezo, kwa sababu orodha ya nywila ya jeshi lile haina simu yako.

Kisha tarehe 15 Oktoba 2014 Drupal 7 ikatoa kiraka cha tundu ambalo lilimwezesha mgeni yeyote kujiandikia amri kwenye hifadhidata, na kwa hiyo kujitengenezea akaunti ya msimamizi. Wiki mbili baadaye wakuu wa mradi walitangaza neno lililotushtua: kama hukuiweka ile kiraka ndani ya saa saba za kutangazwa, ichukulie tovuti yako kuwa imekwishaingiwa. Saa saba! Kiraka kikitangazwa Marekani mchana, saa saba zinakwisha Mombasa watu bado wamelala. Kusasisha kwa mkono "nikipata nafasi Jumamosi" kulikufa siku ile.

Kutoka kelele hadi kimya

Uvamizi wa kelele haujaisha. Juni 2019 kundi lililojiita Kurd Electronic Team lilibandika nembo yake kwenye tovuti 18 za serikali yetu. Novemba 2025 tovuti za wizara kadhaa zilikutwa zimeandikwa maneno ya ubaguzi wa rangi. Tangu 2018 tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao, na tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, inayomtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Sheria hazizuii skripti, lakini zimemwondolea mwenye tovuti uhuru wa kusema hayamhusu.

Mimi hata hivyo naogopa zaidi uvamizi wa kimya. Anayebandika nembo yake amekufanyia hisani, umejua. Fikiria badala yake anayeingia, asiguse picha wala rangi, akabadilisha tarakimu chache tu za namba ya kulipia kwa M-Pesa kwenye ukurasa wa karo au wa amana ya chumba. Tovuti inang'aa kama jana. Wazazi wanalipa. Siku shule inapouliza mbona karo haijafika, pesa zimekwishatolewa, na mzazi ana ujumbe wa kuthibitisha kwamba amelipa. Nani atabeba hasara hiyo? Kwa biashara ndogo za hapa hilo ni suala la kubaki wazi au kufunga.

Na katika kazi zangu hapa kisiwani, tundu ninalolikuta mara nyingi kuliko yote halina hata mdudu wa kodi ndani yake. Mteja mmoja alinitaka nimbadilishie namba ya simu tu. Nywila ya msimamizi hakuwa nayo. Aliyemjengea tovuti yuko Doha, na barua pepe iliyosajiliwa ni ya kijana yule, si ya biashara. Niliingia kupitia phpMyAdmin kwa ufunguo wa kampuni ya seva, nikaweka hashi mpya kwenye jedwali la watumiaji, mlango ukafunguka. Ndani mlikuwa na wasimamizi wakuu watano. Mwenye mali aliwatambua wawili. Mmoja alikuwa karani aliyeacha kazi miaka mitatu nyuma, na wawili hakuna aliyejua ni nani.

Hapo hakuna aliyevunja ukuta. Funguo ziligawanywa na hazikurudishwa.

Kwa hiyo tufanye nini?

Historia hii imenipa mpangilio wa kazi, kutoka linalosaidia zaidi:

1. Fungua orodha ya watumiaji. Kila usiyemjua mzuie, kila aliyeondoka mwondoe. Karani wa kuandika habari apewe ngazi ya mwandishi, si ya msimamizi mkuu.
2. Jina la tovuti, akaunti ya seva na barua pepe ya kurejesha nywila ziwe kwa jina la biashara. Mjenzi apewe ufunguo wa muda.
3. Washa hatua mbili kwa kila msimamizi, na kwa barua pepe hiyo pia. Kumbuka namba 62: anayeshika njia ya kurejesha nywila ndiye anayeishika nywila.
4. Masasisho yajiendeshe yenyewe. Plagini usiyoitumia iondoe kabisa, usiizime tu.
5. Kila tovuti iwe na akaunti yake kwenye seva. Usikubali kuwekwa chumba kimoja na wengine kumi.
6. Nakala ya tovuti iwekwe mahali ambapo seva yenyewe haiwezi kuifuta, na kila wiki mtu aziangalie namba za malipo kwa macho yake.
7. Mwisho, ukipenda, .htaccess na kubadilisha anwani ya mlango. Kelele za boti zitapungua na kumbukumbu za seva zitasomeka. Lakini ni la mwisho, si la kwanza.

La kwanza kwenye orodha halihitaji fundi wala pesa. Unaweza kulifanya leo kabla ya magharibi, na dakika tano zinatosha. Hesabu funguo zako, ujue kila mmoja uko kwa nani.

Haya, kwa leo tukomee hapo. Wasalaam.